Binti yangu amesoma maoni ya watu kuhusu Inkheart, sasa anajiona mjinga

*"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 13 na ni msomaji mzuri. Shangazi yake alimpa zawadi ya Inkheart ya Cornelia Funke, akaianza kwa pupa, usiku halali. Alipofika katikati akataka kujua wenzake walioisoma wanasemaje, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mmoja anasema hajapata kusoma kitabu kizuri kama hicho, mwingine anasema kinachosha, wa tatu ameandika kwamba asiyesoma vitabu vinavyotajwa ndani yake asijisumbue, hatakielewa. Binti akaanza kuhesabu: kila sura inafunguliwa na maneno ya kitabu kingine, na karibu vyote hajavisoma. Amekifunga, kakiweka juu ya kabati, anasema yeye si mtu wa vitabu vya namna hiyo. Mimi mama yake si msomaji wa riwaya. Je, nimtafutie hivyo vingine kwanza ndipo arudi kwa hiki? Tumwamini nani kati ya hao wasomaji? Na samahani kwa kuuliza, kuchukua maneno ya waandishi wengine na kuyaweka mwanzo wa kila sura si kunakili?"*

Marahaba, mama. Kabla ya yote, kishushe hicho kitabu kutoka juu ya kabati. Usimpe mkononi wala usimhubirie, kiache tu mahali anapopita.

Umeniuliza maswali matatu, nami nitayajibu yote, lakini naona kuna la nne hukuliandika. Mtoto alikuwa anafurahia kitu, akatokea mtu asiyemjua akamwambia kwamba furaha yake haikuwa halali kwa sababu hakuwa na vigezo. Hebu tazama: kati ya usiku ule aliokesha na asubuhi aliyokifunga, ndani ya kitabu hakikubadilika hata kituo. Alikuwa anaelewa. Kilichoingia katikati ni aibu, na aibu haitibiwi kwa kumwongezea vitabu kumi vya kusoma.

Kwa kuwa wewe hujakisoma, nikueleze kidogo ni kitu gani tunachozungumzia. Funke ni mwandishi Mjerumani. Riwaya hii ilitoka kwa Kijerumani mwaka 2003, na mwaka huohuo ikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Anthea Bell. Mwendelezo wake ukafuata 2005 na 2007. Meggie ni msichana wa miaka 12 anayeishi na baba yake, Mo, fundi wa kujalidi vitabu. Mo ana kipaji ambacho ni balaa: akisoma kwa sauti, vilivyomo kitabuni hutoka vikaja duniani, na mara nyingi kitu cha dunia hii humezwa kwenda kujaza nafasi. Miaka tisa nyuma, akimsomea mkewe kitabu kiitwacho nacho Inkheart, walitoka majambazi wawili na mchezesha moto mmoja, na mke akatoweka. Tangu siku hiyo Mo hasomi kwa sauti, na binti yake hajui kwa nini.

Sasa unaona kwa nini vitabu vingine vimejaa humo. Ni kama riwaya ya mabaharia kujaa majina ya bandari.

Jambo lenyewe lililomtisha binti yako, sisi wa fasihi tunaliita udokezi: mwandishi anagusa kazi nyingine kwa jina, kwa tukio au kwa nusu ya msemo, bila kusimama kuieleza. (Asichanganye na ule mdokezo wa darasani, wa sentensi inayoachwa ikining'inia kwa nukta tatu.) Huku kuzungumza kwa vitabu na vitabu kuna jina refu, mwingilianomatini, lakini binti yako analifanya jambo hilo kila siku bila kulijua jina lake. Akimwambia mwenzake "wewe ni sungura kweli," hajasimulia hadithi hata moja, na mwenzake keshaelewa kwamba anaambiwa mjanja. Akiwapo wa tatu ambaye hajawahi kusikia hadithi za sungura, naye hatatoka mikono mitupu. Kwa sauti na kwa uso wa msemaji atajua kuna utani na unamlenga nani. Atakosa kitu, lakini hatakosa mazungumzo.

Hivyo ndivyo udokezi uliokaa sawasawa unavyofanya kazi. Kwanza unabeba mzigo wake ndani ya hadithi iliyopo, kwa msomaji yeyote. Kisha, kwa yule anayejua kulikotoka, unaongeza sauti ya pili chini ya ile ya kwanza. Ukikutana na udokezi wenye sauti ya pili tu, usiosema lolote kwa asiyejua, basi lawama ni ya mwandishi. Mtoto hahusiki.

Nikuoneshe kwa mfano mmoja, na nitalazimika kufichua kidogo, kwa hiyo aya hii na ifuatayo usimsomee kama hajafika huko. Kuna mahali Meggie, akiwa kifungoni, tayari amegundua kwamba naye amerithi kipaji cha baba. Anasoma hadithi ya Hans Christian Andersen kuhusu askari wa bati, na askari anatokea mbele yake, mdogo, wa mguu mmoja. Msomaji asiyemjua Andersen anaona nini? Anaona kiumbe aliyeng'olewa kwao, asiyejua yuko wapi, na msichana anayemwonea huruma kwa kosa alilomtendea yeye mwenyewe. Hayo yanatosha kumfanya ageuze ukurasa. Kisha mzee Fenoglio, ambaye ni mwandishi, anaiandikia hadithi ile mwisho mwingine, Meggie anausoma kwa sauti, na askari anarudi zake. Tukio limekamilika, hakuna shimo.

Sasa mchukue anayeijua hadithi ya 1838. Huyo anakumbuka kwamba askari wale walikuwa 25, wote wametengenezwa kwa kijiko kimoja cha zamani, na huyu alikuwa wa mwisho, bati likaisha kabla ya mguu wa pili. Anakumbuka kwamba alimpenda mchezaji ngoma wa karatasi, na kwamba mwishowe alitupwa motoni akayeyuka, majivu yakakutwa na kipande cha bati chenye umbo la moyo. Huyu anapomwona Fenoglio akishika kalamu, moyo unamwenda mbio kwa sababu anajua askari yule alikuwa anarudi wapi. Na anajiuliza swali ambalo yule wa kwanza hakupata nafasi ya kuliuliza: je, mtu ana haki ya kuubadili mwisho wa hadithi ya mwenzake, hata kwa wema? Swali hilo ndilo Funke anaanza kulipika tangu hapo, na binti yako atakutana nalo mbele, ajue Andersen asijue. Akitaka sauti ya pili, hadithi ya askari wa bati inasomwa kwa dakika kumi na tano.

Upo mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu unawavua nguo wenye majigambo. Mo analazimishwa na jambazi Capricorn kumsomea dhahabu itoke, na inatoka kweli, sarafu zinamwagika kutoka kisiwa cha hazina cha riwaya ya Stevenson. Kisha anapewa Alfu Lela Ulela, na safari hii pamoja na mali anatoka mvulana aitwaye Farid, aliyekuwa akiishi kati ya wezi jangwani. Farid si Aladini wala Ali Baba. Ni kijana wa pembeni kabisa, wa kutumwa na kupigwa mateke. Hata aliyezihifadhi hadithi zile hawezi kusema "aa, huyu namfahamu." Mbele ya Farid, mjuzi na mwanagenzi wamekaa benchi moja. Anachopata mjuzi ni kitu cha chini zaidi: anakumbuka kwamba Alfu Lela Ulela yenyewe ni habari ya mwanamke anayesimulia usiku baada ya usiku ili asiuawe, halafu anamtazama Mo, naye anasoma chini ya tishio. Hilo halimo katika maneno ya sura. Linakuja lenyewe, kwa aliyewahi kumsikia Shahrazad, mwanamke huyo, na nadhani kati ya wote wanaotajwa kitabuni, angalau huyo binti yako amewahi kumsikia.

Kuhusu zile nukuu za mwanzo wa sura, nitakuwa mkweli: azirukeruke tu. Ni mapambo ya mlangoni. Nyingine zimechaguliwa kwa ustadi, zinakudokeza hofu au furaha iliyo mbele, nyingine ni mwandishi anatuonesha rafu lake la vitabu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilizipita nyingi, nikazirudia nilipomaliza. Yapo matukio kwenye hadithi yanayotegemea kitabu kingine, kama hayo ya askari na Farid, na hayo Funke anayaeleza papo hapo. Nukuu hazina tukio linalozitegemea.

Ukitaka ushahidi kwamba watoto hawahitaji cheti, chukua The Graveyard Book ya Neil Gaiman, ya mwaka 2008. Imejengwa juu ya mifupa ya The Jungle Book ya Kipling ya 1894: mahali pa mtoto aliyelelewa na wanyama porini, kuna mtoto aliyelelewa na mizimu makaburini, na pale Mowgli anapotekwa na nyani, huyu anatekwa na majini walao maiti. Ilipata Nishani ya Newbery ya Marekani 2009 na ya Carnegie ya Uingereza 2010, kitabu cha kwanza kupata zote mbili. Watoto wengi walioipenda walikuwa hawajamsoma Kipling, na hakuna aliyewasimamisha mlangoni.

Swali lako la kunakili usiliombee samahani, ni swali zuri. Kunakili ni kuchukua cha mwenzako ukakificha ili kionekane chako. Funke anafanya kinyume: chini ya kila nukuu ameandika jina la mwenyewe na la kitabu chake. Na kwa lugha yetu hili halipaswi kutushangaza. Mshairi wa takhmisi hufanya nini? Huchukua beti za mtangulizi wake, mishororo miwili, akatanguliza mitatu yake, ikawa mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Nasir, ilitungwa hivyo juu ya maneno ya Fumo Liyongo, na wasomaji wakaiona heshima. Hakuna aliyepiga kelele za mwizi. Tofauti ni kwamba mshairi wa takhmisi alifuma ndani ya ubeti, Funke ametundika juu ya mlango.

Tuje kwa hao wasomaji. Anayeketi kuandika maoni, aghlabu ni aliyependa mno au aliyeudhika. Yule aliyekiona cha wastani amekirudisha rafuni akaenda zake kulala. Kwa hiyo ukisoma maoni mfululizo utadhani kitabu kimegawa dunia nusu kwa nusu, kumbe waliobaki katikati hawakufungua midomo. Tena kila mmoja amekuja na kiu yake. Yuko mtu mzima aliyelelewa na vitabu hivyohivyo vinavyotajwa. Kwake kila nukuu ni kukutana na rafiki wa utotoni, na sehemu ya sifa anazomwaga ni za utoto wake. Yuko aliyetangulia kuona filamu ya 2008, akategemea mwendo wa filamu, akakuta kurasa nyingi za watu wanaosubiri. Yuko aliyetaka mapanga na mazimwi. Na yuko huyo wa "asijisumbue", ambaye ukimsikiliza vizuri utaona hasemi chochote kuhusu kitabu. Anajitangaza yeye.

Namna yangu ya kupepeta ni hii: maoni yasiyotaja hata tukio moja nayaacha, yawe ya sifa au ya matusi. Halafu naenda kwa wale wa nyota tatu. Mtu wa nyota tatu kwa kawaida ana jambo, kwa sababu amelazimika kueleza kilichompendeza na kilichomkera.

Na kuna yanayokera, nisikufiche. Sehemu ya kati inaburuta. Wanakamatwa, wanatoroka, wanakamatwa tena, na anayesema imemchosha hajakosea. Capricorn anatisha zaidi katika masimulizi kuliko katika anayoyatenda mbele yetu. Kuna nyakati mwandishi anavisifu vitabu hadi unatamani kumwambia: tumekubali, mama, endelea na safari. Kinyume chake, kitu bora kuliko vyote humo hakidai udokezi hata mmoja: Dustfinger, yule mchezesha moto, anayeitamani nchi yake ya kitabuni kiasi cha kumsaliti mtu aliyemwamini, na bado ukashindwa kumchukia. Muulize binti yako anamwonaje Dustfinger. Akiwa na la kusema, jua kitabu amekielewa kuliko wengi waliokipa nyota.

Je, umtafutie vitabu vingine kwanza? Hapana. Nikiwa na umri kama wake, mtu mzima mmoja niliyemheshimu aliniambia riwaya niliyokuwa nayo ni ya wakubwa, akanipa orodha ya vitabu saba vya kutangulia. Nikavisoma vitatu kwa kujilazimisha, nikachoka, na ile riwaya sikuigusa tena mpaka nilipokuwa na watoto. Mpangilio sahihi huwa wa nyuma kuja mbele: kitabu kinachopendwa ndicho kinachomtuma mtoto kutafuta kile kilichotajwa. Akishamaliza na akabaki na hamu, aanze na vifupi, Andersen au hadithi chache za Alfu Lela Ulela. Siku akikutana na Shakespeare katika riwaya nyingine, kwa maana huyu hakwepeki, mwambie kwamba Nyerere alishamtafsiri: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi vipo kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960.

Kuna njia nyingine, na hii ndiyo ningeichagua kama ningekuwa wewe: mwombe akusomee. Chagua sura moja, azime taa kubwa, asome kwa sauti, wewe ukae usikilize. Husomi riwaya, kwa hiyo utauliza maswali ya mtu asiyejua, na yeye atakuwa mwenye majibu. Kama anasoma kwa Kiingereza na anakwama, atakwambia kwa Kiswahili chake kilichotokea, na hapo nyote wawili mtajua kama kilichomkwamisha ni msamiati au ni kitu kingine. Mara nyingi ni msamiati, na aibu ikaupachika jina la Shakespeare.

Na ikitokea kweli hakipendi, akiache. Ajaribu kurasa hamsini toka aliposimama, zikimshinda akirudishe kwa shangazi bila hatia. Mradi akiache kwa sababu kimemchosha yeye.

Yapo mambo mawili ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ukimsikiliza akisoma ukaona anapoteza mstari, anarudia sentensi ileile, analeta ukurasa karibu na uso, au analalamika kichwa kila akisoma, mpeleke akapimwe macho. Macho yakiwa mazima na ugumu ukawa uleule kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zungumza ana kwa ana na mwalimu wake, aelekezwe kwa mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Disleksia, yaani ugumu wa kusoma wa aina hiyo, haina uhusiano na akili, na ikitambuliwa kuna namna za kumsaidia. Jambo la pili ni la moyo. Hadithi hii inahusu mama aliyetoweka na baba anayechukuliwa usiku. Kama nyumbani kwenu kuna msiba au mtu aliyeondoka, huenda kabati halikuwa la aibu peke yake. Muulize taratibu, na ukiona ni zito kuliko unavyoweza, mtafute mshauri nasaha wa kukaa naye.

Vinginevyo, anza na askari wa bati. Msomeni Andersen usiku mmoja, mwisho wake wa motoni. Akishafika kwenye sura ya Fenoglio, muulize ni mwisho upi angeuacha. Mimi niko upande wa Andersen. Mke wangu hajanisamehe hadi leo.